Mwanamke Aliye Vitani na Mkono wa Mtu wa Kawaida

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi mnaotusikiliza mkiwa katika kambi za jeshi na vituo vya polisi, mazungumzo yetu ya leo yametokana na swali lililotufikia kutoka Kibagabaga, hapa mjini Kigali. Aliyeleta swali hilo ni askari ambaye aliwahi kutumikia amani huko Darfur. Anasema kwamba jioni moja alikuwa amekaa na mkewe wakisikiliza taarifa ya habari, ikatajwa El Fasher. Mkewe akamgeukia akamwuliza: "Baba Keza, wewe ulikuwa kule. Wale akina mama uliokuwa ukinieleza habari zao wako wapi sasa? Na sisi tuliokaa hapa salama tunaweza kuwafanyia nini?" Askari huyo anakiri kwamba hakuwa na jibu. Aliinuka akaenda kufunga lango, ingawa lango lilikuwa limekwisha fungwa.

Swali la mama huyo ni zito, na si vyema likabaki bila jibu.

Kwanza tukumbushane mambo yalivyo. Vita ya Sudan, baina ya jeshi la nchi hiyo na wapiganaji wa RSF, ilianza tarehe 15 Aprili mwaka 2023. El Fasher ni mji ule ule uliokuwa makao makuu ya UNAMID, kikosi cha pamoja cha Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa, ambacho Wanyarwanda wengi walikitumikia tangu kilipoanza kazi mwanzoni mwa mwaka 2008 hadi muda wake ulipomalizika mwishoni mwa mwaka 2020. Na hata kabla ya hapo, mwezi wa Agosti mwaka 2004, askari wa Rwanda walikuwa wa kwanza kutua Darfur chini ya bendera ya Umoja wa Afrika. Mji huo ulizingirwa kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja, na mwezi wa Oktoba mwaka 2025 ukaangukia mikononi mwa RSF. Kambi ya wakimbizi ya Zamzam, iliyo karibu nao, ilikuwa imetekwa mapema mwaka huo huo, baada ya kutangazwa kuwa imeingia katika njaa kuu mwaka 2024. Kwa hiyo mama wa Kibagabaga hakuuliza habari za watu wa kubuni. Aliuliza habari za watu ambao mumewe alipata kuwalinda.

Wengi wetu, tukiulizwa swali kama hilo, hujibu upesi kwamba vita ni kazi ya serikali na ya Umoja wa Mataifa, na kwamba mtu wa kawaida hana la kufanya ila kusikitika. Jibu hilo lina ukweli kidogo, maana ni kweli kwamba mwananchi hawezi kusimamisha mizinga. Lakini sisi Wanyarwanda ndio watu wa mwisho wanaostahili kutosheka nalo. Tarehe 21 Aprili mwaka 1994, watu wakiwa wanauawa kila saa katika milima hii, Baraza la Usalama lilipitisha azimio la kupunguza kikosi chake kilichokuwa hapa mpaka kikabaki na watu wapatao 270 tu. Wakati ule sisi ndio tuliokuwa "nchi za nje". Sisi ndio tuliokuwa habari inayosikika jioni katika redio ya mtu mwingine, naye akaambiwa kwamba hayo ni mambo ya wakubwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi kitanda hicho tumekilalia.

Sasa tuyatazame mambo yenyewe kwa utaratibu. Vita humfanya nini mwanamke, kiasi kwamba tumzungumze peke yake? Risasi haichagui, na wanaume hufa vitani kwa wingi. Lakini mwanamume akisha kufa, au akisha kwenda msituni, au akisha kutekwa, nyumba yote hubaki juu ya kichwa cha mwanamke. Kuni zitatafutwa na nani? Maji je? Nani atambeba mgonjwa, na nani atajifungua chini ya mti siku hiyo hiyo ya safari? Zaidi ya hayo, upo ule uovu ambao katika vita vya siku hizi umefanywa kuwa silaha kamili: kumnajisi mwanamke ili kuivunja jamii yake yote. Baraza la Usalama lilitambua sehemu ya mambo haya katika Azimio namba 1325 la tarehe 31 Oktoba mwaka 2000, na likasema kwa ukali zaidi katika Azimio namba 1820 la mwaka 2008 kwamba unajisi vitani waweza kuwa uhalifu wa vita, uhalifu dhidi ya binadamu, au sehemu ya mauaji ya kimbari. Basi mwenye kutaka kumsaidia mwanamke aliye vitani hana budi kuanza hapo, yaani kuitazama siku yake moja, tangu alfajiri hata usiku, na kuuliza ni wapi katika siku hiyo anapopatwa na hatari.

Na mfano mzuri wa kufanya hivyo ulitolewa na ninyi wenyewe, maafande. Huko Darfur, akina mama walipotoka kambini kwenda kutafuta kuni ndipo walipokuwa wakivamiwa. Doria iliwasaidia, lakini doria haiwezi kuwa nyuma ya kila mama na kila mti. Askari wa Rwanda wakakumbuka kitu kilichokuwa katika majiko ya mama zao: rondereza. Neno hilo, kama mjuavyo, lina maana ya kutumia kitu kwa uangalifu. Moto wa mafiga matatu hupoteza joto lake pande zote, na upepo huuchukua uliobakia. Rondereza ni ukuta wa udongo unaouzunguka moto na kuukusanya chini ya chungu, hata kuni chache zikaivisha chakula ambacho zamani kilihitaji mzigo mzima. Udongo upo, maji yapo kidogo, mikono ipo. Askari waliwafundisha akina mama wa Darfur kulijenga jiko hilo, nao wakafundishana wao kwa wao. Kila mzigo wa kuni uliopungua ulikuwa safari moja iliyopungua, na kila safari iliyopungua ilikuwa hatari moja iliyoondoka.

Ndugu wasikilizaji, tujifunze mambo matatu hapo. La kwanza, msaada ulitokana na kuuliza: hatari iko wapi? La pili, ulitumia kitu ambacho mama mwenyewe angeweza kukitengeneza tena baada ya mfadhili kuondoka. La tatu, haukuhitaji cheo. Koplo aliyelelewa na mama mpishi alijua zaidi kuliko bingwa aliyekuja na makaratasi.

Njia ya pili ya kusaidia ni sauti. Hapa wengi hucheka, wakisema kwamba maneno hayajazi tumbo. Lakini tuitazame kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda kule Arusha. Kesi ilipoanza kusikilizwa mwezi wa Januari mwaka 1997, hati ya mashtaka haikuwa na neno hata moja juu ya unajisi. Ndipo akina mama wa Taba, waliofika kutoa ushahidi juu ya mambo mengine, wakaanza kusema yaliyowapata wao na binti zao. Katika jopo la majaji watatu alikuwamo mwanamke mmoja, Navanethem Pillay wa Afrika ya Kusini. Na huku nje, vyama vya wanawake na watetezi wa haki kutoka nchi mbalimbali, watu wasiopata kufika Taba hata siku moja, waliiandikia mahakama wakiomba jambo hilo lisifumbiwe macho. Mwezi wa Juni mwaka 1997 hati ya mashtaka ikarekebishwa. Tarehe 2 Septemba mwaka 1998 hukumu ikatolewa: Akayesu alikuwa na hatia, na kwa mara ya kwanza duniani mahakama ya kimataifa ikatamka kwamba unajisi waweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari.

Tuseme ukweli kwa mizani yake. Ushindi ule ulikuwa wa akina mama wa Taba kwanza, kwa kuwa wao ndio waliosimama mbele ya mtu yule wakasema. Lakini wale walioandika barua kutoka mbali waliwapa mgongo wa kuegemea. Hukumu ile sasa inatajwa katika mahakama nyingi, na mwanamke wa Kongo au wa Sudan atakayesimama kesho kudai haki yake atapita katika njia iliyofyekwa na wanawake wa kijiji chetu. Kwa hiyo mtu wa kawaida asidharau kusema. Jumuiya ya kanisa, msikiti, chama cha ushirika, klabu ya wake wa askari, wote wanaweza kuandika kwa wabunge wao na kwa mashirika ya kimataifa, wakiuliza: kesi ya fulani imefikia wapi? Njia ya chakula imefunguliwa? Wahalifu wengi hutegemea kusahauliwa, na barua ni namna ya kukataa kusahau.

Njia ya tatu ni fedha, na hapa tuzungumze bila haya, maana mshahara wa askari unajulikana. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hebu tufanye hesabu. Askari 20 wa kikosi kimoja wakitoa faranga 2,000 kila mwezi, zitapatikana faranga 40,000 kwa mwezi, na 480,000 kwa mwaka. Hakuna hata mmoja wao atakayelala njaa kwa sababu ya faranga hizo. Na kidogo kinachokuja kila mwezi kina faida kuliko kingi kinachokuja mara moja, kwa sababu mjane hupanga maisha yake juu ya kile anachokitegemea kufika. Shirika la Women for Women International, lililoanzishwa mwaka 1993 kwa ajili ya wanawake wa Bosnia na likafika Rwanda mwaka 1997, limejengwa juu ya kanuni hiyo hiyo: mtu mmoja aliye mbali humchangia mwanamke mmoja kila mwezi, nao huweza kuandikiana barua, huku mwanamke huyo akijifunza kazi na kuweka akiba kwa muda wa mwaka mmoja. Kule Kayonza kuna kituo kilichofunguliwa mwaka 2013 kwa ajili ya kazi hiyo, na matofali yake yalifyatuliwa na akina mama wenyewe.

Lakini fedha ina mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Kabla ya kutoa, ulizeni maswali manne: Shirika hili limeandikishwa wapi? Fedha yetu itamfikia nani? Hesabu zitasomwa lini, na mbele ya nani? Na wanawake wenyewe wana kauli gani katika mpango huu? Swali hilo la nne ndilo linalosahauliwa, nalo ndilo kubwa. Wasaidizi wa kwanza wa wanawake walio vitani ni wanawake wenyewe. Mwezi wa Januari mwaka 1995, wajane 50 walionusurika na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi walikutana wakaunda AVEGA Agahozo. Hawakuwa na gari wala ofisi. Walikuwa na majonzi ya aina moja, na kila mmoja akamfuta mwenzake machozi. Chama hicho kikawa nguzo ya wajane na yatima katika nchi nzima. Katika Sudan ya leo, wananchi wa mitaa wameunda kamati za dharura na majiko ya pamoja, ambamo majirani hupika chungu kimoja kwa ajili ya mtaa mzima, huku mabomu yakianguka. Sehemu kubwa ya chakula hicho hununuliwa kwa fedha zinazotumwa na ndugu zao walio nchi za nje. Basi atakaye kusaidia na atafute kwanza kamati kama hizo na mashirika yanayoaminiana nazo, wala asianze kwa kujenga chama kipya chenye jina lake juu ya mlango.

Njia ya nne ni kununua. Tofauti ya kununua na kutoa sadaka ni kwamba anayeuza hubaki ameinua kichwa. Baada ya mwaka 1994 wanawake wa nchi hii, baadhi yao wajane wa waliouawa na wengine wake wa waliofungwa kwa kuua, waliketi pamoja wakisuka agaseke. Kampuni ya Gahaya Links, iliyoanzishwa na ndugu wawili wa kike, ilivipeleka vikapu hivyo Marekani, na tangu mwaka 2005 vikauzwa katika maduka ya Macy's. Mama wa New York aliyekiweka kikapu juu ya meza yake alilipa ada ya shule ya mtoto wa Rwanda, pengine bila hata kujua. Nasi tunaweza kufanya hivyo hivyo kwa wengine. Katika kambi za wakimbizi zilizo nchini mwetu, kama Mahama kule Kirehe, wamo wanawake wanaoshona, wanaofuma na wanaosuka. Kikosi kinachohitaji vitambaa vya meza kwa ajili ya sherehe yake kinaweza kuviagiza huko. Bei iwe ya haki, wala msimpunguzie mkimbizi bei kwa kuwa mnajua ana shida.

Tumefika sasa kwenye njia ya tano, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyo karibu zaidi na mama wa Kibagabaga. Mara nyingi vita iliyo nchi za nje huwa imekwisha kuhamia jirani yako. Waburundi walianza kufika Mahama mwaka 2015. Wakongo wamekuwako Kiziba tangu mwaka 1996. Tangu mwaka 2019 kituo cha Gashora, katika Bugesera, kimewapokea watu waliookolewa kutoka Libya, wakiwamo wanawake wa Eritrea, Somalia na Sudan ambao mambo waliyotendewa njiani hayafai kusimuliwa mbele ya watoto. Mwezi wa Agosti mwaka 2021, Kabul ilipoanguka, shule ya bweni ya wasichana wa Afghanistan iitwayo SOLA iliwahamishia hapa wanafunzi wake pamoja na walimu na jamaa zao, jumla watu wapatao 250, na wasichana wale wakaendelea kusoma Rwanda wakati wenzao kwao wamefungiwa milango ya sekondari. Mwaka 2023 wakaja pia wanafunzi wa udaktari kutoka Khartoum.

Jirani wa kawaida afanye nini? Amsalimu mgeni. Amwonyeshe soko la Kimironko na bei za kweli, asije akauziwa viazi kwa bei ya ugeni. Amlindie mtoto anapokwenda kutafuta karatasi zake. Amfundishe maneno ya Kinyarwanda ya lazima: maji, dawa, hospitali, naomba msaada. Amkaribishe katika kikundi cha akiba, na siku ya umuganda ampe jembe kama anavyompa mwenzake yeyote. Lakini asimwulize habari za yaliyompata. Wengi hudhani kwamba kumhoji mtu ni kumwonea huruma, kumbe ni kumrudisha kule alikotoka. Akitaka kusema, atasema kwa saa yake mwenyewe. Na akisha kusema, neno hilo ni amana. Lisitoke likaenda kisimani, wala lisiingie katika simu.

Na akisema kwamba amenajisiwa, awe mkimbizi au mwenyeji, hapo kuna mambo ambayo kila mtu anapaswa kuyajua kwa moyo, kama askari ajuavyo namba ya bunduki yake. Afikishwe hospitali mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, maana dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi ina faida ikianzwa ndani ya muda huo. Dawa ya kuzuia mimba nayo ina muda wake, usiozidi siku tano. Asioge, na nguo alizovaa zisifuliwe, maana ni ushahidi. Lakini hata akiwa amekwisha oga, au muda umekwisha pita, bado aende, kwani matibabu mengine na faraja havina mwisho wa saa. Nchi yetu ilianzisha mwaka 2009, katika hospitali ya polisi ya Kacyiru, kituo cha Isange, ambacho jina lake lamwambia aingiaye ajione yuko nyumbani. Pale daktari, mshauri wa nafsi na mpelelezi wa polisi wako chini ya paa moja, ili mwenye jeraha asilazimike kuirudia habari yake katika milango mitano. Huduma hiyo ikaenezwa katika hospitali za wilaya, na haimtozi aliyeumizwa fedha. Kumsindikiza mwanamke mpaka mlango huo, ukamngoja nje mpaka atoke, ni msaada mkubwa kuliko hotuba nyingi.

Ndugu wasikilizaji, nisingekuwa nimetimiza wajibu wangu kama ningewasifu maafande kwa ajili ya rondereza kisha nikanyamaza juu ya jambo la mwisho. Mtu mwenye sare ndiye awezaye kumsaidia mwanamke aliye vitani kuliko raia yeyote; na ndiye huyo huyo awezaye kumdhuru kuliko raia yeyote. Mama mwenye njaa anapoiona sare haioni kama nguo. Anaona chakula, njia, kibali na bunduki. Kwa sababu hiyo taarifa ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa ya mwezi wa Oktoba mwaka 2003 ilipiga marufuku kwa watumishi wake kubadilishana na mtu fedha, kazi, chakula au msaada wowote kwa mwili wake, na majeshi yote yanayotumika chini ya bendera hiyo yanawajibika kuifuata kanuni hiyo. Mtu asijitetee kwamba mama yule alikubali. Kukubali kwa mtu ambaye watoto wake hawajala tangu jana si kukubali.

Na karibu na mipaka yetu, kule mashariki ya Kongo, Hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999 ili akina mama wajifungue salama, ilijikuta ikiwashona wanawake walioharibiwa kwa unajisi. Kwa kazi hiyo daktari huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Ripoti za Umoja wa Mataifa juu ya eneo hilo zimeyataja makundi mengi yenye silaha, na majeshi pia, katika makosa ya aina hii. Mabishano ya kisiasa juu ya vita ile ni mengi na kila upande una hoja zake. Lakini juu ya jambo hili hakuna hoja. Hakuna bendera, hakuna kisasi, wala hakuna amri ya mkubwa inayoweza kuugeuza unajisi ukawa kitu kingine. Askari akiamriwa, akatae, akiona, aripoti, na akimjua mwenzake aliyetenda, asimfiche kwa jina la umoja wa kikosi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2010 majeshi na polisi wa nchi mbalimbali za Afrika walikutana hapa Kigali wakatangaza kwamba vyombo vya ulinzi vina wajibu wa kukomesha ukatili dhidi ya wanawake na wasichana. Tangazo lile lina jina la mji wetu. Aibu ya kulivunja itakuwa na jina hilo pia.

Yako vilevile mambo ya kujiepusha nayo. Tusisambaze picha za wanawake waliojeruhiwa, hata kwa nia njema. Yule aliye katika picha ana watoto watakaokuja kuiona. Tusipeleke mizigo ya nguo chakavu ambazo hakuna aliyeziomba, na ambazo gharama ya kuzisafirisha ingetosha kununulia sabuni, dawa na vitambaa vya hedhi karibu na pale wanapohitajiwa. Tusitoe ahadi tusiyoweza kuitimiza, maana aliyepoteza kila kitu huishikilia ahadi kama mtu anayezama ashikavyo ubua.

Basi, tumjibu nini mama wa Kibagabaga? Juu ya swali lake la kwanza, wale akina mama wako wapi, jibu ni chungu. Wengine wameuawa. Wengine wamevuka jangwa mpaka Chad. Wengine wako njiani hata usiku huu tunaposema. Hatuwezi kumdanganya kwamba jiko la udongo linazuia mizinga. Majiko mengi yaliyojengwa kwa mikono ya askari wetu bila shaka yamekwisha vunjwa. Lakini mama aliyejifunza kulijenga hakuacha ujuzi wake nyuma. Popote atakapotua mzigo wake, palipo na udongo na maji kidogo, anaweza kulijenga tena na kumfundisha aliye karibu naye. Hicho ndicho kipimo cha msaada wa kweli: kile kinachobaki mikononi mwa mwenye shida baada ya kila kitu kingine kunyang'anywa.

Juu ya swali la pili, sisi tufanye nini, jibu ni kwamba nyumba moja ichague jambo moja tu kati ya haya tuliyoyataja, na ilishike mwaka mzima. Iwe ni faranga elfu mbili za kila mwezi, barua moja ya kila robo ya mwaka, au jirani mmoja mgeni atakayesindikizwa sokoni na hospitalini. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kwa sharti kwamba mkono usichoke katikati.

Nasi tungependa kusikia kwamba jioni nyingine El Fasher itakapotajwa, baba Keza hatainuka kwenda kufunga lango.